Ajali ya Breki Ina Kinga: Namna ya Kurekebisha na Kutunza Breki za Baiskeli

Yafuatayo ni matini ya mazungumzo ya Afisa Habari na Mawasiliano wa Halmashauri mbele ya wakazi wa kata, katika mkutano wa elimu kwa umma kuhusu usalama katika barabara za vijijini. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu za asubuhi na kuja kunisikiliza. Natambua kwamba wengi wenu mmefika hapa kwa baiskeli, nazo zimeegeshwa chini ya miti ile pale. Baiskeli hizo ndizo mada ya mazungumzo yetu ya leo, hususan sehemu yake moja ndogo ambayo hukumbukwa pale tu inapokataa kufanya kazi: breki.

Katika bonde letu hili la Kilombero, baiskeli si chombo cha starehe. Hupeleka mpunga mashineni, huleta ndoo za maji nyumbani, humfikisha mwanafunzi shuleni akiwa amempakia mdogo wake, na usiku wa dharura humwahisha mgonjwa zahanati. Kwa maneno mengine, baiskeli za hapa kwetu ni nadra kusafiri zikiwa tupu. Hubeba watu na mali, na kwa hiyo hubeba dhamana.

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Sina ubavu wa kubishana na wahenga, ila naomba niongeze jambo moja: ajali ya breki ina kinga. Tairi linaweza kupasuka bila kutoa taarifa, na mbuzi anaweza kukatiza njia bila kuaga. Breki haiko hivyo. Breki hutoa taarifa siku nyingi kabla ya kushindwa: hupiga kelele, husugua, hulegea, huvutika hadi kugusa usukani. Asiyesikia taarifa hizo ndiye hukutwa na ajali.

Hoja yangu leo ni moja. Baiskeli inayopakia mtu au mzigo haina budi kuwa na breki mbili zinazoshika, ya mbele na ya nyuma. Na kila kaya yenye baiskeli inaweza kuzitunza kwa dakika 10 za kila juma.

KWA NINI BREKI MBILI

Ukipita gulioni na kutazama baiskeli zilizoegeshwa, utaona kwamba nyingi zina breki ya nyuma pekee. Ya mbele imeng'olewa, imekatika, au imefungwa kwa kipande cha mpira isipige kelele. Nyingine hazina hata hiyo moja. Mwenye nazo husimama kwa kukandamiza kandambili juu ya tairi. Ukiuliza sababu, jibu huwa moja: breki ya mbele humwangusha mtu kichwa chini.

Jibu hilo lina chembe ya ukweli, nami nitalirudia baadaye. Kwanza tupige hesabu. Tuchukue mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao kijana mwenye nguvu huufikia bila taabu katika barabara tambarare. Kwa mwendo huo, baiskeli hupita takribani mita 5.5 katika sekunde moja. Mtu akiona mtoto amechomoka uani na kuingia barabarani, huhitaji kama sekunde moja kutambua hatari na kubana breki. Hivyo basi, mita 5.5 zimekwisha kabla breki haijaanza kazi. Kuanzia hapo, kwenye lami kavu, breki mbili zilizorekebishwa vizuri huweza kuisimamisha baiskeli ndani ya mita 3 au 4. Breki ya nyuma peke yake, hata ikiwa nzima, huhitaji karibu mara mbili ya umbali huo.

Sababu yake tunaifahamu sote tuliopata kupanda basi. Dereva anapofunga breki ghafla, abiria wote husukumwa mbele. Ndivyo ilivyo kwa baiskeli: uzito hukimbilia gurudumu la mbele, na la nyuma hubaki jepesi. Gurudumu jepesi halishiki ardhi. Ukilibana sana hukwama na kuserereka. La mbele, lililokandamizwa na uzito, ndilo lenye uwezo mkubwa wa kusimamisha. Kung'oa breki ya mbele ni sawa na kuuza jembe zuri na kubaki na lile lenye mpini uliopasuka.

Sasa tuongeze mzigo. Mtu wa kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 20 hufanya jumla ya kilo 80. Akipakia gunia la mpunga la kilo 80, uzito umekuwa kilo 160, yaani maradufu. Mkono unaobana breki ni uleule na raba ni zilezile. Matokeo yake ni kwamba umbali wa kusimama nao huwa maradufu: palipotosha mita 4, sasa zahitajika 8. Na mwendo ndio mkali zaidi. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Anayeteremka kutoka vijiji vya chini ya milima ya Udzungwa akiwa na gunia nyuma yake anayo mambo yote mawili kwa pamoja, uzito na mwendo.

Aidha, tusisahau reli. Reli ya TAZARA hupita katika bonde letu, na njia zetu nyingi huivuka. Treni ya mizigo huhitaji mamia ya mita ili isimame. Haiwezi kumkwepa mtu wala kumsubiri. Kwenye kivuko cha reli, anayepaswa kusimama ni mwenye baiskeli, na ni lazima aweze.

MAJARIBIO MATATU KABLA YA KUONDOKA

Majaribio haya hayahitaji spana wala fundi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyafanya.

La kwanza: simama kando ya baiskeli, isukume mbele taratibu, kisha bana breki ya mbele. Gurudumu la mbele lisimame kabisa na la nyuma lianze kunyanyuka. Gurudumu la mbele likiendelea kuzunguka, breki haishiki.

La pili: sukuma tena, sasa ubane breki ya nyuma. Gurudumu la nyuma likwame na kuburuzika bila kuzunguka.

La tatu: bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama. Kati ya mkono huo na usukani ibaki nafasi ya kupita vidole viwili. Mkono ukigusa usukani, nguvu zako zinaishia kwenye usukani badala ya kufika kwenye gurudumu.

Breki ikifaulu majaribio yote matatu, safiri. Ikishindwa hata moja, usipakie mtu wala mzigo mpaka umeirekebisha.

BREKI ZA VYUMA

Baiskeli zetu nyingi, zile nyeusi imara tulizorithi kwa baba zetu na zile mpya za mtindo huohuo, hutumia breki za vyuma. Ukibana mkono wa breki, fito za chuma huvutwa, nazo huvuta chuma chenye umbo la kwato ya farasi. Ncha mbili za chuma hicho zina raba, na raba hizo hukandamiza ringi kwa upande wake wa ndani, ule unaotazama spoki.

Sifa ya breki hii ni uimara. Haina waya wa kukatika, na ubovu wake huonekana kwa macho. Udhaifu wake ni kwamba viungo vyake ni vingi, na kila kiungo kilicholegea hula sehemu ya nguvu za mkono wako. Kwa hiyo, kabla hujagusa kitu kingine, shika kila ufito na uutikise. Kaza nati zilizolegea. Tia tone moja la mafuta penye kila kiungo kinachocheza, kisha futa yanayobaki.

Baada ya hapo tazama nafasi kati ya raba na ringi. Iwe kama milimita 2 au 3, unene wa sarafu moja au mbili. Nafasi ikiwa kubwa, legeza nati inayobana ufito, vuta ufito kidogo ili raba zisogelee ringi, kisha kaza nati. Zungusha gurudumu. Likizunguka bila kugusa raba na breki ikashika mapema, umemaliza. Likisugua mahali pamoja tu katika kila mzunguko, kosa si la breki bali ni la ringi, nami nitalieleza.

Hakikisha vilevile kwamba raba mbili hugusa ringi kwa wakati mmoja. Moja ikitangulia, chuma cha kwato kimepinda au vishikio vyake vilivyo kwenye uma vimesogea. Virudishe mahali pake kabla ya kukaza chochote.

Lipo jambo moja ambalo huwapotezea watu muda. Mnyororo ukilegea, sisi hulegeza gurudumu la nyuma, tukalivuta nyuma, tukakaza. Kwa baiskeli za breki za vyuma, gurudumu likirudi nyuma, ringi nayo huzisogelea raba, na baiskeli huwa nzito kana kwamba inapanda mlima. Wengine hudhani ni beringi, wakafungua gurudumu lote. Dawa yake ni kurekebisha breki ya nyuma kila mara baada ya kuvuta mnyororo. Ichukulieni kuwa kazi moja yenye hatua mbili.

BREKI ZA WAYA

Baiskeli zenye gia, ambazo vijana na wanafunzi wengi huzipenda, hutumia breki za waya. Hapa waya mwembamba uliosokotwa hupita ndani ya ganda na kuvuta mikono miwili ya chuma iliyosimama pande mbili za gurudumu. Raba hubana ringi kutoka ubavuni. Breki hii ni nyepesi na kali, lakini hailei uzembe.

Anzeni na waya wenyewe. Utazameni mahali unapoingia kwenye mkono wa breki na mahali ulipobanwa na bolti. Nyuzi zake zikianza kuchomoza kama sindano, badilisheni siku hiyohiyo. Waya uliochanika hauungwi kwa fundo wala kwa kusokota. Utakatika siku ile utakapobanwa kwa nguvu kuliko siku zote, nayo ndiyo siku ya hatari. Ukiwa mzima lakini mzito kuvutika, tieni matone machache ya mafuta mepesi mwanzoni mwa ganda, mkibana na kuachia mpaka ulainike.

Breki ikiwa imelegea kidogo, tafuta skrubu ya mviringo pale waya unapotokea kwenye mkono wa breki. Izungushe kinyume cha saa, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, ukijaribu kila mara. Ganda la waya litasukumwa, na raba zitasogelea ringi. Ukifika unapotaka, kaza pete ndogo iliyo nyuma ya skrubu hiyo ili isijirudie yenyewe.

Skrubu hiyo ikikaribia kutoka kabisa, irudishe yote ndani, kisha nenda chini kwenye bolti inayobana waya. Ilegeze kwa spana, au kwa ufunguo wa pembe sita wenye umbo la herufi L, ambao kwa kawaida ni wa milimita 5. Bana raba kwa vidole zikaribie ringi, vuta waya kwa koleo, kaza bolti barabara. Nafasi kati ya raba na ringi iwe milimita 1 hadi 2 kila upande. Kisha bana mkono wa breki kwa nguvu mara kumi. Kama waya utateleza, ni heri uteleze hapo nyumbani.

Iwapo upande mmoja hugusa ringi na mwingine uko mbali, tazama skrubu ndogo iliyo chini ya kila mkono wa chuma. Hiyo huongeza au kupunguza nguvu ya springi. Kaza ile ya upande unaogusa, robo mzunguko kwa wakati mmoja, mpaka pande zote mbili ziende sawa.

RABA NA RINGI

Ndugu wananchi, breki zote hizi, ziwe za vyuma au za waya, mwisho wake ni raba kugusana na ringi. Mengine yote ni njia ya kufika hapo. Kwa hiyo naomba tukae kidogo na viungo hivi viwili.

Raba nyingi mpya huwa na mifereji. Mifereji ikifutika, raba imekwisha. Ukiendelea nayo, chuma kinachoishika kitaanza kukwangua ringi, nawe utabadilisha ringi nzima badala ya raba mbili. Badilisheni kwa jozi, kamwe msibadilishe moja. Kuweka kipande cha tairi kuukuu au kisigino cha kandambili mahali pa raba ni ubunifu wa shida, na hakuna anayewalaumu waliobanwa nao. Hata hivyo, mpira huo haukutengenezwa kwa kazi hiyo: huisha upesi, huchomoka kwenye kishikio, na ukilowa haushiki. Ukiutumia kufika nyumbani, usiufanye kuwa wa kudumu, na usimpakie mtu.

Raba ikae sawasawa juu ya ringi. Kwenye breki za waya, ikipanda juu hula ubavu wa tairi mpaka mpira wa ndani ukatokeza na kupasuka. Ikishuka chini huweza kuchomoka na kuingia kwenye spoki. Ikipiga kelele kali, ilegeze kidogo na uielekeze ili ncha yake ya mbele iguse ringi kwanza, kwa tofauti ya milimita moja hivi, kisha ukaze.

Mara moja kwa juma, tazameni uso wa raba. Mkiona inang'aa kama kioo, isugueni kwa msasa mpaka irudi kuwa na uso mkavu usiong'aa. Mkiona vijiwe au vipande vya chuma vimejikita ndani yake, vingoeni kwa ncha ya msumari. Hivyo ndivyo hukwangua ringi.

Ringi nayo isafishwe kwa kitambaa, maji na sabuni. Hapa natoa onyo kubwa kuliko yote ya leo: mafuta yasiguse ringi wala raba. Hata tone moja huifanya breki nzuri iwe kama haipo. Anayepaka mafuta mnyororo na awe na kitambaa mkononi. Mafuta yakidondokea ringi, ioshwe kwa sabuni mara mbili na ikaushwe. Yakinywewa na raba, ibadilishwe.

Kuhusu ringi iliyopinda: breki za waya husumbuliwa na ringi inayoyumba kushoto na kulia, kwa sababu raba zake hukaa ubavuni. Breki za vyuma husumbuliwa na ringi iliyobonyea au kuvimba, ile inayopanda na kushuka, kwa sababu raba zake hukaa kwa ndani. Kuinyoosha hufanywa kwa kukaza baadhi ya spoki na kulegeza nyingine, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Kazi hii mpelekeeni fundi. Asiyeijua huinyoosha upande mmoja akaipinda upande wa pili.

Mwenye ringi za alumini azipitishie kidole ubavuni. Akisikia shimo refu kama mfereji uliochimbwa na raba, ringi imekuwa nyembamba na siku moja itapasuka kwa upepo wa tairi. Hiyo haina matengenezo; ni kubadilisha.

MASIKA

Bonde letu hujaa maji na matope wakati wa masika, Machi hadi Mei, na baiskeli hazipumziki. Ringi za chuma zinazong'aa, ambazo ndizo nyingi kwetu, zikilowa hupoteza sehemu kubwa ya mshiko wake. Breki iliyokuwa kali jana huweza kuteleza leo, ingawa hakuna kilichoharibika.

Fanyeni mambo manne. Punguzeni mwendo. Kabla ya kufika penye mteremko, kivuko au kundi la watu, baneni breki kwa wepesi kwa mizunguko kadhaa ya gurudumu ili raba zifute maji kwenye ringi. Mkishaona zimeanza kushika, ndipo mzitegemee. Mkifika nyumbani, osheni matope kwenye raba na ringi kabla hayajakauka, kwani mchanga ndani yake hula vyote viwili. Mwisho, futeni maji kwenye fito na waya na kutia mafuta kidogo kwenye viungo, kutu isijenge makazi.

NAMNA YA KUBANA BREKI

Nimeahidi kurudi kwenye hofu ya kupinduka. Ni kweli kwamba mtu anaweza kupinduka kwa breki ya mbele. Humpata anayeibana ghafla, kwa nguvu zote, mwili wake ukiwa umeinama mbele, hasa kwenye mteremko. Dawa ni mazoezi. Baneni breki zote mbili kwa pamoja, mkianza taratibu na kuongeza nguvu. Nyoosheni mikono na kurudisha mwili nyuma kidogo juu ya tandiko. Penye kona, punguzeni mwendo kabla ya kuingia, si ndani ya kona. Penye mchanga au tope, breki ya mbele ibanwe kwa wepesi na usukani ubaki umenyooka.

Mzazi anayemkabidhi mtoto baiskeli na ampeleke kwanza kwenye kiwanja cha shule, amfundishe kusimama kabla ya kumfundisha kukimbia. Kisha apime mkono wake: kama vidole vya mtoto haviwezi kufikia na kubana mkono wa breki, baiskeli hiyo bado ni kubwa kwake.

WAJIBU WETU NA HUDUMA ZILIZOPO

Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani uliofikiwa Vienna mwaka 1968 unaitaja breki inayofanya kazi, kengele na kiakisi chekundu cha nyuma kuwa mahitaji ya kila baiskeli. Hata hivyo, sikuja hapa kuwatisha kwa sheria. Nimekuja kuomba mambo matatu.

Kwa walimu na kamati za shule: tengeni asubuhi moja kila mwezi, wanafunzi wenye baiskeli wafanye majaribio yale matatu mbele ya mwalimu. Baiskeli iliyoshindwa isizuiwe kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuikokota, lakini mzazi aarifiwe.

Kwa mafundi wetu: ninyi ndio wataalamu wa karibu kuliko wote. Mteja akija kuziba tundu, zitazameni breki zake na mumwambie mlichokiona. Kwa vijana wanaotaka kupanua karakana zao, Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jiungeni katika kikundi, mkisajili, na mumwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kwa utaratibu kamili.

Kwa wananchi wote: mnapoona shimo, kalvati lililobomoka au mahali ambapo baiskeli huanguka mara kwa mara, toeni taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji. Tangu mwaka 2017, barabara za aina hii husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na taarifa iliyopita katika ofisi zetu hufika huko ikiwa na maelezo ya mahali. Tukumbuke pia kwamba barabara ikichongwa vizuri, mwendo wa kila chombo huongezeka. Barabara nzuri inahitaji breki nzuri zaidi.

Ndugu wananchi, bei ya raba mbili haifikii hata sehemu ndogo ya gharama ya mguu uliovunjika, achilia mbali siku za shamba zinazopotea na mgonjwa akiuguzwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo mtakapokwenda kuchukua baiskeli zenu pale chini ya miti, naomba kila mmoja afanye majaribio yale matatu kabla ya kupanda. Nimeona mafundi wawili wamekuja na spana zao, nao wamekubali kubaki nasi hadi adhuhuri kuwasaidia wale ambao breki zao zitashindwa. Msione haya kuwafuata.